Sura ya Sita: Ujira wa Kukesha

Waashi waliojenga minara midogo ya pwani ya Malta mwaka 1658 waliweka mlango pale ambapo wewe na mimi tungeweka dirisha. Chini ni ukuta wa mawe tu. Mlango uko ghorofani, na njia ya kuufikia ilikuwa ngazi ya kuning'iniza. Walinzi wakishapanda, wanaivuta ndani, na aliye nje anabaki nje.

Ndani hamna fahari yoyote. Kuna chumba cha chini cha kuwekea vitu, chumba cha juu cha kulala watu, ngazi nyembamba ya kujizungusha inayopanda hadi paani, na paani penyewe mzinga mmoja au miwili midogo. Kikosi kizima kilikuwa watu wanne: mkuu wao aliyejua kazi ya mzinga, na wenzake watatu. Ukiwaona wanne hao wamesimama kando ya kizinga chao, wakati upeo wa bahari umejaa matanga, ungewahurumia.

Lakini hawakuwekwa pale wazuie merikebu. Mkulima yeyote wa mpunga analielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Mtoto anayepandishwa dunguni kulinda ndege hatarajiwi kuwaua ndege; kazi yake ni kuwa macho na kupiga kelele kwa wakati. Mnara wa pwani ni dungu la mawe. Tofauti ni kwamba ndege wa Malta walikuja kuvuna watu.

Vitabu vingi vya minara hii huhesabu mawe: unene wa ukuta, urefu, mwaka, jina la mtawala aliyechongewa nembo juu ya mlango. Hayo nami nitayataja. Swali linaloniwasha, hata hivyo, ni jingine: nani alikesha, na kwa malipo ya nani?

Malta si nchi kubwa. Visiwa vyake vyote vikijumlishwa ni kama kilometa za mraba 316, na Unguja peke yake inavizidi mara tano. Vipo kama kilometa 90 kusini ya Sisilia, katikati kabisa ya Bahari ya Mediteranea, kwenye njia ya kila chombo kinachotoka mashariki kwenda magharibi. Vitatu ndivyo vyenye uzito katika habari yetu: Malta yenyewe, Gozo iliyo kaskazini-magharibi yake, na kati yao kisiwa kidogo kikavu ambacho wenyeji hukiita Kemmuna, yaani bizari nyembamba, kwa sababu mmea huo uliota pale. Ramani nyingi hukiandika Comino.

Msomaji wa Kiswahili akifika huko atasikia maneno yanayomgusa bega. Lugha ya Wamalta ilizaliwa na Kiarabu cha Sisilia, ikavishwa Kiitaliano kwa karne nyingi, na leo huandikwa kwa herufi za Kirumi. Bahari wanaiita baħar. Rasi ni ras. Dunia ni dinja, kitabu ni ktieb, na wakihesabu wakifika sitta na sebgħa huhitaji mkalimani. Kuna kijiji huko Gozo, juu ya kilima kinachotazama mlango-bahari, kinachoitwa Nadur, jina lenye maana ya mahali pa kutazamia. Mzizi wake ni uleule wa neno letu nadhari. Na neno lao la habari ni aħbar. Nalitaja hilo la mwisho kwa makusudi, maana minara yote ninayoisimulia hapa haikutengeneza kitu kingine chochote ila aħbar.

Habari ya nini? Ya maharamia na manahodha wa vita waliotoka pwani ya Afrika Kaskazini na katika Dola ya Osmani, ambao mali waliyoitafuta zaidi ilikuwa binadamu. Mtu aliyekamatwa aliuzwa, au alifungwa minyororo kwenye kasia la merikebu, au aliwekwa hadi ndugu zake wachange fedha za kumkomboa. Shambulio halikuhitaji siku nyingi. Vyombo vichache viliingia ghubani alfajiri, watu wakashuka, wakazunguka kijiji kabla ya jogoo wa pili, na jua lilipopanda walikuwa wamerudi baharini na watu wao. Dhidi ya wizi wa namna hiyo ngome kubwa iliyo mbali haikufaa kitu. Kilichofaa ni nusu saa. Mwenye nusu saa alikimbia na watoto na mbuzi wake. Asiye nayo alikwenda Tripoli.

Hiyo Tripoli si ya mfano tu. Mnamo Julai 1551 jeshi la majini la Osmani, likiongozwa na Sinan Pasha pamoja na Turgut Reis, ambaye Wazungu walimwita Dragut, liliikabili Malta kwanza, likaona kazi ni ngumu, likageukia Gozo. Watu wa Gozo walikimbilia ndani ya ngome yao ya zamani iliyo juu ya kilima katikati ya kisiwa. Ngome ilikuwa ya enzi ya mishale, na adui alikuja na mizinga. Ilishikilia siku chache. Gavana alijaribu kupatana: watu 200 waachwe huru. Walikubaliwa 40, na Sinan Pasha akawachagua wazee 40. Wengine, kama 5,000, yaani karibu watu wote wa kisiwa, waliteremshwa hadi pwani, wakapakiwa, wakavushwa. Mamia kadhaa waliwahi kutoroka kwa kujishusha kwa kamba ukutani. Wamalta hadi leo husimulia habari ya askari mmoja Msisilia ambaye, alipoona mambo yamekwisha, aliwaua kwa mkono wake mkewe na binti zake wasitekwe, kisha akashika silaha akafa mlangoni. Iwe ilitokea hivyo neno kwa neno au masimulizi yameinyoosha, inaonyesha watu wale waliuogopa utumwa kuliko kifo.

Baada ya hapo ilichukua miaka mingi kisiwa kupata watu tena, na sheria ikawa ngumu. Kila mkazi wa Gozo alitakiwa kulala ndani ya ngome. Fikiria maana yake kwa mtu mwenye shamba upande wa pili wa kisiwa. Mchana unalima, jua likiinama unafunga jembe, unachukua watoto, unapanda kilima, unalala ndani ya kuta pamoja na kijiji kizima na kelele zake, alfajiri unateremka. Kesho tena. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 1637 tu. Mtu aliyezaliwa miaka michache baada ya uvamizi angeweza kuzeeka na kufa bila kulala usiku mmoja wa halali shambani kwake.

Tukumbuke mwaka huo wa 1637. Tutakutana nao tena.

Ulinzi wa pwani ulikuwapo tangu zamani, na ulikuwa kazi ya wanyonge. Wakulima walipangwa zamu kulala kwenye vilele na rasi, kila kijiji na sehemu yake, chini ya jeshi la wananchi lililoitwa dejma. Zamu ya usiku waliiita maħras. Hawakulipwa. Mtu alikata mawe mchana au alilima, kisha usiku akaketi juu ya jabali na rundo la kuni, akitazama giza. Mnara hakuwa nao. Pengine kibanda cha mawe makavu cha kujikinga na upepo. Akisinzia, kijiji kimekwisha. Akikesha, kesho hawezi kazi. Mimi sishangai kwamba baadhi ya mashambulio yalifaulu. Nashangaa kwamba si yote yaliyofaulu.

Wenyeji hawakukaa kimya. Mwaka 1416 walimwandikia mfalme wao, Alfonso wa Tano wa Aragon, aliyetawala pia Sisilia, wakaomba mnara mmoja tu, kule Comino. Hoja yao ilikuwa nzuri. Comino haina watu wengi wala mashamba ya maana, ila ina mapango na vijighuba, na wezi wa baharini walikigeuza maficho: hukaa humo, hupumzika, husubiri mashua inayovuka kati ya Malta na Gozo, kisha hurukia. Mnara mmoja pale ungeyaona maficho na mashua pia, na ungeunganisha visiwa viwili kwa ishara.

Mfalme alikubali. Miaka miwili baadaye aliweka ushuru maalumu juu ya mvinyo unaoingizwa nchini, ujenge mnara. Watu wakanywa, wakalipa. Fedha zilipopatikana, mfalme akazitia katika hazina yake kwa matumizi mengine. Mwaka 1429 jeshi la masultani wa Tunis lilishuka Malta, likaondoka na maelfu ya mateka. Sisemi mnara wa Comino ungelizuia jeshi zima. Nasema walioufadhili kwa kila kikombe cha mvinyo walikuwa na haki ya kuuliza uko wapi. Ulichelewa kwa miaka 200.

Wakati huo wote nchi ilibadilisha wenyewe. Mwaka 1530 Mfalme Mkuu Karolo wa Tano aliwapa visiwa hivi watawa waliovaa upanga, Shirika la Mtakatifu Yohane, ambao Waosmani walikuwa wamewafukuza kutoka kisiwa cha Rhodes. Kodi ya pango ilikuwa kipanga mmoja wa kuwindia, kila mwaka. Habari za Mazingiwa Makuu ya 1565, wakati Shirika na Wamalta walipostahimili jeshi la Osmani kutoka Mei hadi Septemba, zimeandikwa mara nyingi mno. Humo ndimo Turgut Reis alimofia. Mwaka uliofuata watawa walianza kujenga Valletta, mji wa kuta kubwa kuliko haja yao, na Ulaya nzima ikawashangilia na kuwachangia.

Tatizo la kuta kubwa ni kwamba zinamlinda aliye ndani. Mvuvi wa Marsaxlokk na mchungaji wa Mellieħa walikuwa nje.

Aliyelitambua hilo kwa vitendo alikuwa Alof de Wignacourt, Mfaransa, aliyeliongoza Shirika kuanzia 1601 hadi 1622. Ndiye pia aliyeleta maji Valletta kwa mfereji mrefu wa matao, kazi iliyokwisha mwaka 1615. Tarehe 10 Februari 1610, sikukuu ya kuvunjikiwa chombo kwa Mtume Paulo, liliwekwa jiwe la kwanza la mnara wake katika ghuba inayobeba jina la mtume huyo. Ukafuata mwingine Marsaxlokk, kisha mingine. Kusema kweli hii haikuwa minara ya kuangalia tu. Ilikuwa ngome ndogo, mizito, yenye mizinga ya maana, iliyokaa kwenye ghuba ambamo jeshi lingeweza kushuka.

Mtihani ulikuja upesi. Tarehe 6 Julai 1614 merikebu za Osmani kama 60 zilielekea ghuba ya Marsaxlokk kabla ya mapambazuko. Mnara mpya wa Mtakatifu Lusiano ukazifyatulia. Hazikubishana nao, ziligeuka, zikazunguka rasi, zikashusha watu elfu kadhaa katika ghuba jirani, Marsaskala, ambako hapakuwa na mnara. Waliparamia mashamba ya Żejtun, wakachoma, wakapora, hadi askari wa Shirika na wakulima waliposhikamana kuwarudisha baharini. Watu wengi waliokolewa kwa sababu walikuwa wamekwisha kukimbia: mzinga uliowakosa maadui uliwaamsha wenye nyumba. Mwaka uleule Marsaskala ikapata mnara wake. Ndivyo serikali zilivyo, kila mahali. Kufuli hununuliwa dukani siku ya pili baada ya wizi.

Na Comino? Ilipata mnara wake mwaka 1618, karne mbili baada ya ombi. Ni jengo la mraba lenye vinara vinne pembeni, urefu kama mita 12, lililoinuliwa juu ya msingi mpana ukingoni mwa jabali. Wakati wa hatari lingeweza kuwekwa askari hadi 60. Gharama ilikuwa skudi 18,628, na sehemu yake ilitokana na kuuza vichaka vya kisiwa chenyewe kwa kuni. Safari hii fedha zilifika. Moshi wa Gozo sasa uliweza kuonekana Comino, wa Comino ukaonekana Malta, na habari ikavuka maji bila mashua.

Sasa turudi kwenye 1637. Mkuu wa Shirika alikuwa Jean Paul de Lascaris, mzee, na katika mwaka uleule ambao watu wa Gozo waliruhusiwa kulala makwao, alianza kuweka minara ya aina nyingine: midogo, ya bei nafuu, juu ya majabali ya magharibi, Lippija na Għajn Tuffieħa kwanza. Hii haikukusudiwa kupigana na mtu. Mmoja wao, uliojengwa mwaka 1638 juu ya Wied iż-Żurrieq, ndio uliokuja kuwa kielelezo cha yote iliyofuata. Lascaris alijenga pia mmoja mkubwa, mwekundu, juu ya kilima cha Mellieħa, uliomalizika 1649. Wamalta wanauita tu Mnara Mwekundu, na ukikaa juu yake unaiona Comino na Gozo kama vitu vilivyopangwa mezani. Huo ulikuwa na askari 30 na akiba ya kuzingirwa siku 40. Lakini mimi nauona mdogo wa Wied iż-Żurrieq kuwa ndio muhimu zaidi, na wasafiri wengi huupita bila kugeuza shingo.

Kisha akaja Martin de Redin. Mhispania wa Navarra, aliyekuwa makamu wa mfalme huko Sisilia alipochaguliwa mwaka 1657. Alitawala miaka miwili na nusu tu akafa. Katika muda huo alitoa skudi 6,428 za mfuko wake mwenyewe, na kati ya Machi 1658 na Julai 1659 ilijengwa minara 13. Linganisha na Comino: kwa theluthi moja ya gharama ya jengo lile moja, huyu alipata kumi na tatu. Alifanyaje? Alinakili. Ramani ileile ya mraba, vyumba viwili vilevile kimoja juu ya kingine, mlango uleule wa ghorofani. Ukimjua mmoja unawajua ndugu zake wote. Wamalta siku hizi huiita yote kwa jina lake.

Mpangilio wake ndio uliokuwa na akili. Kila mnara ulisimama mahali ambapo unamwona jirani wa kushoto na jirani wa kulia. Ukitembea pwani ya kaskazini utaona mwenyewe: kutoka Għallis unauona ule wa Qalet Marku kwenye rasi yake, kutoka Qalet Marku unauona wa Madliena, na kutoka hapo habari ikaelekea Valletta. Mchana walitumia moshi, usiku moto, na mzinga mdogo wa paani kwa ajili ya masikio yaliyolala. Nguvu haikukaa katika mnara wowote. Ilikaa katika nafasi kati ya mmoja na mwingine, na mmoja akisinzia mnyororo wote umekatika.

Hapo ndipo De Redin alipofanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, linazidi mawe. Zamu ya wakulima wasiolipwa aliiondoa pwani. Badala yake kila mnara ukapewa watu wanne wenye mshahara, ambao kazi yao ilikuwa hiyo tu. Mkulima akarudi kulala kwake.

Jenga picha ya usiku mmoja. Chumba cha juu, kuta nene, harufu ya moshi wa taa na chumvi. Wawili wamelala. Mmoja yuko paani, mgongo kwenye ukuta mfupi unaokinga upepo, uso baharini. Kuni kavu zimefunikwa zisinyweshwe na umande. Kuni mbichi ni za mchana, kwa ajili ya moshi. Wa nne anapanda ngazi ya mzunguko kwa kupapasa, kuchukua zamu. Wanasemezana maneno mawili. Aliyeshuka anavua viatu. Hakuna kilichotokea. Kesho hakuna kitakachotokea, wala mwezi ujao, na huenda mwaka mzima. Kumlipa mtu kwa ajili ya siku ambazo hakuna kilichotokea ni jambo gumu kwa mwenye hazina yoyote, jana na leo. Akiangalia daftari anaona mishahara inatoka na hakuna shambulio, anasema basi tupunguze. Asichokiona daftarini ni kwamba wezi nao hutazama minara.

Gozo iligharimia yake yenyewe. Mnara wa Mġarr ix-Xini wa 1661, kwenye kile kijighuba chembamba ambacho chombo kingeweza kujificha ndani yake kama kisu alani, ulilipiwa na baraza la wenyeji wa kisiwa, na vivyo hivyo mwingine wa ghuba ya San Blas wa 1667. Watu waliozaliwa na wajukuu wa walionusurika 1551 walijua thamani ya walichonunua.

Ningeweza kuimaliza habari hapa, na wangebaki watu wema juu ya minara na watu wabaya baharini. Isingekuwa kweli. Shirika la Mtakatifu Yohane lenyewe liliishi kwa kuwinda. Merikebu zake, na za watu binafsi zilizopewa kibali, zilitoka Valletta kwenda pwani za Waislamu kufanya kilekile ambacho minara ilijengwa kukizuia, na mji huo ulikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya watumwa katika Mediteranea. Valletta ilikuwa na jela ya watumwa. Makasia ya Shirika yalivutwa na Waislamu waliofungwa minyororo, kama yale ya upande wa pili yalivyovutwa na Wakristo. Pwani za Tunis na Tripoli nazo zilikuwa na wakulima waliokesha juu ya majabali wakitazama tanga lenye msalaba. Mwaka 1749 watumwa wa Malta walipanga kuliangusha Shirika kwa ndani. Njama ilifichuka, na viongozi wake wakauawa kwa mateso mbele ya watu. Minara yote ilikuwa imeelekeza macho nje. Waliobaki utumwani waliachiliwa mwaka 1798, Napoleon alipokichukua kisiwa akiwa njiani kwenda Misri, akawafukuza watawa wenyewe.

Malta haikuwa peke yake, bila shaka. Sisilia, Sardinia na Mallorca zilizungushiwa minara, na Corsica, chini ya Wagenova, ilikuwa nayo mingi, mingi yake ya mviringo. Mmoja wa Corsica umeacha jina la ajabu. Februari 1794 manowari mbili za Waingereza, mojawapo ya mizinga 74, ziliushambulia mnara mmoja mzee kwenye rasi ya Mortella. Watetezi walikuwa thelathini na kitu. Walirudisha risasi zilizopashwa moto hadi zikawa nyekundu, manowari kubwa ikashika moto, ikaondoka na maiti na majeruhi. Mnara ulitekwa baadaye kutoka nchi kavu. Waingereza waliondoka na heshima kubwa kwa mnara na makosa katika tahajia: Mortella ikageuka Martello. Walipomwogopa Napoleon waliijaza pwani yao kwa minara iliyoiga huo, wakausambaza mtindo huo katika makoloni. Ipo hata kwenye Bahari ya Hindi. Huko Morisi mmoja wa miaka ya 1830 bado umesimama La Preneuse. Kwa hiyo msafiri wa kwetu si lazima afike Mediteranea kumwona mjukuu wa minara hii.

Kule Malta minara yenyewe ilizeeka. Kuanzia 1714 Shirika liliweka maboma ya mizinga chini kabisa, kwenye fukwe, na minara ikabaki na kazi ya macho. Mnara wa kwanza wa De Redin, Għajn Ħadid, ulianguka kwa tetemeko la ardhi la Oktoba 1856. Kifusi chake bado kipo juu ya jabali. Ile ya Bengħisa na Żonqor haikuangushwa na adui wala na tetemeko: Waingereza, waliotawala baada ya watawa, waliibomoa mwaka 1915 kwa sababu iliziba mlengo wa mizinga yao mipya. Mnara wa mlinzi kuvunjwa kwa kosa la kuzuia kuona! Kabla ya hapo, mwaka 1848, Waingereza haohao walijenga minara ya simu ya mikono, yenye mbao zilizopinda na kunyooka kutoa herufi, na mmoja wakauweka Nadur, kile kijiji cha kutazamia.

Miongoni mwa iliyosalia, ninaoupenda zaidi ni Ħamrija, pwani ya kusini, wa 1659. Umejengwa mwendo mfupi tu kutoka mahekalu ya Ħaġar Qim na Mnajdra, yenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, mawe yaliyoinuliwa kabla ya piramidi za Misri. Wale watu wanne walipewa majirani wa namna hiyo, na mbele yao kisiwa kitupu cha Filfla katikati ya maji. Wakati huo mahekalu yalikuwa yamefukiwa nusu na udongo. Bila shaka kwa walinzi yalikuwa mawe tu, mahali pa kukalia kwenye kivuli.

Comino ilikesha kuliko wote. Wafaransa walipozingirwa ndani ya Valletta, kuanzia 1798 hadi 1800, mnara wake ulikuwa gereza la walioshukiwa kuwapelelezea. Na kuanzia 1982 jeshi la Malta liliweka askari humo tena, wakiangalia magendo, na wawindaji wanaopiga ndege wahamao kinyume cha sheria. Walikaa miaka 20. Leo unatunzwa na chama cha wananchi kiitwacho Din l-Art Ħelwa, kilichoanzishwa mwaka 1965, ambacho kimeukarabati kama kilivyoukarabati Mnara Mwekundu wa ng'ambo. Wanaoufungua ni watu wa kujitolea, hawalipwi, kwa hiyo haufunguliwi kila siku. Mashua za watalii zinazovuka kutoka Malta zina njia moja ya kujua kabla ya kufunga kamba: abiria hukinga macho kwa kiganja na kutazama juu ya paa. Bendera ikipepea, kuna mtu.